Baba Alibandua Mapezi ya Roketi ya Mwanae Usiku, Bila Kumuuliza

Huko Columbus, Ohio, kuna jamaa mmoja mzaliwa wa Tanga ambaye anakaa na mwanae Jumamosi mbili tu kwa mwezi. Yeye na mzazi mwenzake waliachana miaka mitatu iliyopita, bila fujo, na ratiba ikapangwa: dogo anashushwa saa nne asubuhi, anarudishwa saa kumi na mbili jioni. Siku nyingi zilizobaki jamaa yuko ghalani, zamu ya usiku, anapakia maboksi.

Dogo ana miaka 12. Kiswahili anakielewa fresh tu, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Jumamosi zao zilikuwa zinafanana: piza, simu, hedifoni masikioni, jioni kwaheri. Hawagombani. Na hiyo ndiyo ilikuwa inamuumiza baba, maana hata ugomvi ni mazungumzo.

Siku moja akapita dukani akanunua seti ya roketi ya kuunganisha. Wamarekani wana mchezo huu tangu miaka ya 1950 na watoto wengi wa shule wanaujua. Ndani ya boksi kuna bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi matatu ya balsa, ile mbao laini nyepesi kama sponji, na mwavuli mdogo wa plastiki. Injini inanunuliwa kando: kibomba cha karatasi cha sentimita 7 hivi, ndani kina baruti nyeusi, kinatumika mara moja kinatupwa. Haiwashwi kwa kiberiti. Unabonyeza swichi ya betri ukiwa umesimama mita 5 nyuma.

Dogo alipofungua boksi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi hedifoni zilitoka masikioni.

"Hizi zinaitwaje Kiswahili?" akauliza, ameshika vile vibao vitatu.

"Mapezi, baba. Kama ya samaki."

Dogo akacheka. "Mapezi." Akalirudia mara mbili tatu kama mtu anayeonja pipi mpya.

Halafu akaanza kazi. Alisoma maelekezo yote, neno kwa neno. Akapiga msasa kingo za mapezi zikawa mviringo, ili upepo upite bila kukwama, na kazi hiyo peke yake ilichukua karibu saa mbili. Akapima, akachora mistari kwenye bomba, akabandika pezi moja moja, akisubiri gundi ishike kabla ya kuweka lingine.

Baba hakuyaona hayo. Alikuwa ametoka zamu alfajiri, akajilaza kwenye kochi dakika tano, akaamka saa kumi na moja jioni. Roketi ilikuwa imesimama mezani, imekamilika.

Jamaa aliangalia kile kitu siku kadhaa. Kizuri, lakini kilikuwa kama picha ya kwenye boksi, kama cha kila mtoto wa Ohio. Yeye kakulia kwenye karakana ya useremala ya mzee wake, na mikono ikaanza kumuwasha. Akawaza: hii ingekuwa na kitu cha kwetu. Jina lenyewe la mji wao ndilo jina la kitambaa cha jahazi. Basi usiku mmoja wa mapumziko akabandua mapezi yote matatu kwa kisu, akayatupa, akakata mengine kwa plaiwudi, membamba, yamechongoka kama tanga. Akayabandika kwa gundi nzito ya chuma, akapuliza rangi ya buluu mikono mitatu. Ikapendeza kweli. Akapiga picha, akaituma kwenye grupu la familia. Shangazi zake wakamwaga mioyo.

Alitaka iwe sapraizi.

Jumamosi iliyofuata ya zamu yake, dogo aliiona mezani. Hakusema kitu. Aliishika, akaipima mkononi, akairudisha.

Wakaenda kwenye kiwanja cha mpira chenye nyasi fupi, kibali kipo. Baba alikuwa amenunua injini ya herufi C kwa sababu ndiyo kubwa kuliko nyingine za saizi ile dukani. Kwenye injini hizi kila herufi inayopanda, kiwango cha juu cha nguvu yake yote kinakuwa mara mbili ya iliyotangulia. Dogo akamwambia kwa upole kwamba kwa C mwongozo wa usalama unataka eneo la mita 120 hivi kila upande, na kiwanja hiki hakifiki.

"Tutaona," baba akasema.

Waliona. Roketi iliacha fimbo yake, ikapanda kama urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, halafu ikageuka. Ikazunguka hewani kama nzi aliyepigwa dawa, ikalala ubavu, ikakimbilia upande wa uwanja usio na mtu na kujipigiza chini huku injini bado inavuma. Mwavuli ulitokea ikiwa imeshalala kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Bomba lilikunjika na pezi moja la plaiwudi likang'oka na ngozi ya karatasi.

Kwenye gari kimya. Taa nyekundu ya pili ndiyo dogo akauliza, kwa Kiswahili, sentensi nzima:

"Mapezi yangu yako wapi?"

Baba akasema aliyatupa.

"Hukuniuliza."

Ni hayo tu. Dogo akavaa hedifoni. Lakini jamaa alijua kwamba halikuwa swali la mbao. Kuhamia mtaa mwingine, kubadilisha shule, ratiba yenyewe ya Jumamosi mbili: watu wazima walikaa mezani wakapanga, mtoto akaambiwa. Kila kitu alikuwa anakikuta kimeshabandikwa.

Wiki mbili zile jamaa hakununua kitu, na alikuwa na kishawishi hasa. Duka liko njiani, angeweza kununua seti mpya, kubwa zaidi, yaishe. Badala yake Jumamosi ilipofika alikaa mezani na ile roketi iliyovunjika, akasema maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia kwa baba yake: "Nilikosea. Nisamehe. Nifundishe tunaitengenezaje."

Dogo alimwangalia kwa muda. Kisha akaenda kuleta rula.

Kosa la kwanza, akaeleza, ni uzito. Roketi ikiwa hewani inajizungusha kwenye sehemu yake ya mizani, ile ambayo ukiiweka juu ya kidole inatulia. Sehemu hiyo lazima iwe mbele, na upepo uwe unaisukuma zaidi kwa nyuma, kwenye mapezi. Umbali kati ya sehemu hizo mbili usipungue upana wa bomba lenyewe. Plaiwudi, gundi nzito, rangi mikono mitatu, injini kubwa: vyote baba aliviweka nyuma. Halafu mapezi yenyewe akayafanya membamba, upepo ukakosa pa kushika.

"Kumbe kama tiara," baba akasema. Utotoni Tanga, tiara ikizunguka ovyo angani, wanaishusha wanaiongezea mkia mrefu, upepo uivute kwa nyuma, inatulia.

Dogo akataka kujua tiara ni nini. Wakapoteza nusu saa hapo, ya mifuko ya nailoni na njiti za makuti. Haikuwa hasara.

Mapezi mapya dogo aliyachora mwenyewe kwa balsa. Baba alitegemea yarudi yale ya kwenye boksi. Lakini dogo alichora tanga. Pana zaidi, limeegemea nyuma, nyuzi za mbao zikifuata ukingo wa mbele ili lisikatike, ila tanga. Safari hii baba ndiye alipiga msasa, na kila baada ya dakika chache anaonyesha kazi: "Hivi?" "Bado." "Hivi?" "Bado, Baba."

Gundi ikikauka, dogo akamsimulia mchezo ulivyoanza. Mwaka 1954, Nebraska, mwenye duka la viatu aliyeitwa Orville Carlisle aliunda roketi ndogo ya kwanza ya namna hii pamoja na ndugu yake Robert. Mmoja alijua baruti na fataki, mwingine alijua ndege za kuchezea. Baba akasema kumbe hata wenyewe walikuwa wawili. Dogo akainua mabega, ila alitabasamu.

Wakaziba bomba, wakasokota udongo wa kuchezea na kuushindilia ndani ya pua ili uzito uje mbele. Kisha jaribio la kamba: injini ikiwa ndani, unafunga uzi pale kwenye mizani, unaizungusha juu ya kichwa kama kombeo. Pua ikitangulia, iko salama. Mara ya kwanza ilienda kinyumenyume. Wakaongeza udongo. Mara ya pili ikayumba. Wakaongeza tena. Mara ya tatu ikakata upepo pua mbele, raundi baada ya raundi, na majirani wakichungulia dirishani kumwona mtu mzima anazungusha roketi kwenye maegesho ya magari.

Injini walichukua B6-4. Dogo alimsomesha: B ni kiwango cha nguvu yote, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, 4 ni sekunde za kusubiri moto ukiisha kabla mwavuli haujarushwa nje. Kwa B, kile kiwanja kinatosha.

Dogo alimpa baba ufunguo wa swichi. Halafu, bila kuombwa, akahesabu kwa sauti: "Tano, nne, tatu, mbili, moja."

Ilinyooka. Ikapita miti, ikapita nguzo za taa za uwanja, ikawa nukta ya buluu. Kimya kidogo, kisha mwavuli ukachanua, na tanga tatu zikashuka polepole hadi karibu na goli. Dogo alikimbia. Baba naye, na viatu vya kazini, alikimbia.

Jioni mlangoni kwa mama, dogo hakushuka garini moja kwa moja kama kawaida. Alimvuta baba yake mpaka barazani, roketi mkononi, akamwambia mama kwamba Jumamosi ijayo, ambayo si ya baba, wanataka kuunda nyingine.

Mama akawaangalia wote wawili. "Mngeniuliza kwanza."

"Ndiyo tunakuuliza," dogo akajibu, kwa Kiswahili.

Ratiba iliyobandikwa kwenye friji ya mama sasa ina Jumamosi tatu.