Vidole Bila Macho

Mtoto wa leo aghalabu hujua kuandika kwa kidole gumba kabla hajajua kuandika kwa kalamu. Simu iliyo mkononi mwake humpa herufi, na akiisha kugusa mbili tatu humpa neno zima, hata kama silo alilolikusudia. Kwa mtoto wa Kiswahili anayekulia Uingereza jambo hili lina hasara ya pekee. Kiswahili chake ni cha sikio. Amekisikia kwa mama yake na kwa wageni wa nyumbani, lakini mkono wake haukijui. Anapotaka kumwandikia bibi yake aliyeko Mombasa, simu iliyozoezwa Kiingereza hulidaka neno lake njiani ikaligeuza. Mtoto hupeleka lililogeuzwa, au huchoka akaandika Kiingereza, na bibi hulazimika kutafuta mtu wa kumfasiria maneno ya mjukuu wake mwenyewe.

Dawa moja ya hasara hii iko mahali pasipotazamiwa na wengi, yaani katika kompyuta kuukuu za nyumbani zilizotengenezwa zamani za wazazi. Uingereza ina hazina yake katika mashine iitwayo BBC Micro. Kampuni ya Acorn ya Cambridge iliitoa mwezi wa Desemba 1981 kwa ajili ya mpango wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha watu kompyuta, nayo ikaingia katika shule nyingi za nchi ile. Kumbukumbu yake, kwa ile ya namna ya pili, ni kilobaiti 32 tu, na picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haiwezi kuenea humo. Ikiwashwa hulia, hutaja jina lake, kisha hungoja. Haina jambo jingine. Herufi iliyogongwa ndiyo ionekanayo. Haibahatishi neno wala haisahihishi. Mtoto akikosea, kosa ni lake na hubaki mbele ya macho yake mpaka alifute mwenyewe. Akipatia, neno ni lake pia, tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho.

Isidhaniwe kuwa kila mashine ya siku zile yafaa. ZX Spectrum ya mwaka 1982, ijapokuwa ilipendwa mno, ni mwalimu mbaya wa kazi hii. Vitufe vyake ni vya mpira, na ukianza mstari ukagonga P haikupi P bali neno zima PRINT; yaani nayo, kwa njia yake, ina tabia ya simu. Tena kitufe chake cha kuachanisha maneno ni kidogo, kimewekwa pembeni kuliani, hata kidole gumba hakina kazi. Commodore 64 ya mwaka huohuo ina vitufe vizuri, lakini kisanduku chake ni kinene, hivyo mtoto hana budi kuinuliwa kitini kwa mto. Mwenye kuinunua leo na asiutumie mtambo wake wa umeme wa asili, kwa kuwa unapozeeka huweza kupeleka nguvu iliyozidi ikaunguza vipande vya ndani.

Kupiga taipu bila kutazama si elimu ngeni. Mwaka 1888 katika mji wa Cincinnati huko Marekani, Frank McGurrin alishindana na Louis Traub hadharani, akamshinda, naye ndiye aliyekuwa hatazami vitufe. Njia yenyewe haikubadilika sana tangu hapo. Vidole vinne vya mkono wa kushoto hulazwa juu ya A, S, D na F; vya kulia huanzia J, K na L, na cha mwisho hukaa juu ya alama iliyo jirani. Kitambaa chepesi hufunika mikono. Kila kidole hutoka nyumbani, hugonga, hurudi.

Masomo yaliyouzwa kwa mashine hizi yalikuwa ya Kiingereza. MasterType ya mwaka 1981 iliyageuza maneno kuwa maadui wa kupigwa kwa kuandikwa. Mwalimu aliyevuma zaidi, Mavis Beacon wa mwaka 1987, hakuwahi kuzaliwa; jina lilibuniwa, na sura iliyo juu ya kasha ni ya Renée L'Espérance, mwanamke mzaliwa wa Haiti. Watu wengi walimshukuru mwalimu huyo kama waliyepata kumwona.

Lakini Kiingereza ni maskini katika safu ile ya kwanza, maana irabu iliyomo ni A peke yake. Mwanafunzi hupewa maneno machache, kisha hulishwa mafungu ya herufi yasiyo na maana. Kiswahili kina baraka hapa. Kaka, dada, sadaka, kasha, jalada, ghala, shaka, fadhaa: yote haya huandikwa pasipo kidole kuihama safu. Kwa usemi wa Unguja hupatikana hata sentensi kamili: kaka kala dagaa, dada kalala. Siku ya kwanza kabisa mtoto husema jambo, na jambo lenyewe huchekesha.

Baraka hiyo ina gharama yake. Sentensi ile ina herufi 23, na 12 kati yake ni a. Na a imepewa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Mpango huu wa herufi ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1870, na waliouweka hawakuwa na Kiswahili mawazoni. Kwa sababu hiyo somo lisizidi dakika kumi. Mzazi mwenye haraka atakayemkalisha mtoto saa nzima atamfundisha kuichukia a, na asiyeipenda a hawezi kuandika Kiswahili.

Kidole kingine chenye taabu ni cha shahada cha mkono wa kulia. Hicho hubeba h, j, n, m, u na y. Neno huyu ni lake lote, na humu ni lake lote. Katika nyumba hupiga herufi nne mfululizo kabla ya kusaidiwa. Katika mumunye hupiga sita, huku vingine vimekaa kama wageni harusini, mpaka e ije kuupa mkono wa kushoto kazi. Ng'ombe naye ana ukaidi wake: katika BBC Micro, kama katika Commodore 64, kile kipashio cha juu kimo katika kitufe cha 7, nacho hakitoki ila kitufe cha Shift kiwe kimeshikwa. Basi kidole cha mwisho cha kushoto hushika chini, cha shahada cha kulia huruka juu, na mtoto hujifunza kwa misuli yake kwamba ng' si ng. Wako watu wazima wengi wasioujua mpaka huo.

Masomo ya Kiswahili hayakununulika dukani, lakini mashine hizi zilijengwa ili mwenyewe azitungie. Mistari michache ya lugha ya BASIC yatosha: maneno yawekwe katika orodha, mashine ichague moja, ingoje jibu, ilinganishe. BBC Micro ina saa yake ya ndani iitwayo TIME, ihesabuyo sehemu za mia za sekunde, na mtoto hupenda sana kuishinda saa. Orodha yenyewe yafaa iombwe kwa bibi. Yeye ana majina ya samaki, ya vyakula, ya jamaa. Na mtoto atakayeyaandika changu, tasi na mkizi mpaka vidole viyazoee, atakuwa amepokea kitu kutoka Mombasa ambacho simu haikupata kukigeuza.

Akihamia kompyuta mpya, safu za herufi atazikuta mahali pake. Kile kipashio cha ng'ombe kimehama kutoka kwenye 7, kimekwenda kukaa kuliani mwa safu ya nyumbani, wala hakihitaji Shift. Mkono utaruka juu siku mbili tatu kwa mazoea, kisha utatulia. Mumunye litabaki juu ya kidole kilekile.