Binti Yetu Hasomei Kompyuta



Kwanza kabisa tunatoa shukrani zetu kwa wahariri wa kijarida chetu hiki kwa kutupatia nafasi. Tumekuwa wasomaji wake kwa miaka mingi, wala hatukuwahi kuandika chochote ndani yake isipokuwa tangazo la msiba. Leo tunaandika kwa sababu tuna deni kwenu, na deni lenyewe si la fedha bali ni la ukweli.

Kwa muda wa miaka miwili na zaidi, kila mlipotuuliza katika arusi, katika hitima au katika mikutano ya jumuiya yetu kwamba binti yetu anasomea nini chuo kikuu, tuliwajibu: "Mambo ya kompyuta." Baadhi yenu mlitupongeza. Wengine mlituletea vijana wenu ili awape ushauri. Ukweli ni kwamba hakuwa akisomea kompyuta. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya sanaa, na katika sanaa hiyo alichagua mambo matatu yaliyoshikamana: uchapaji wa picha, upigaji wa picha, na usimulizi wa habari kwa njia ya picha.

Hatukuficha kwa ubaya. Tulifika Marekani mwaka 1996 tukiwa na masanduku mawili. Mmoja wetu alisafisha sakafu za hospitali, na mwingine alifunga mizigo ghalani usiku kucha. Mtu aliyepita njia hiyo humtakia mwanawe kazi yenye jina linaloeleweka na mshahara unaojulikana, kama vile uuguzi, ufamasia au uhasibu. Kwa hiyo mwaka 2021 binti yetu alipotuambia kwamba amekubaliwa kusoma miaka mitatu mingine, na kwamba atakachosoma ni kuchonga mbao na kupaka wino, tulinyamaza kwa muda mrefu. Kisha tukamwuliza atakula nini.

Alitueleza kwa adabu. Hatalipa ada, kwa sababu atawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kupewa posho kidogo. Shahada hiyo, katika nchi hii, ndiyo ya juu kabisa kwa kawaida katika sanaa za mikono, na mwenye nayo huweza kuajiriwa kufundisha chuo kikuu. Mtihani wake wa mwisho ni maonyesho: mwanafunzi hutundika kazi zake ukutani mbele ya walimu na umma, akaeleza na kuzitetea. Tulimsikiliza, tukasema sawa, na bado tukaendelea kuwaambia watu kwamba ni kompyuta.

Mara moja tulijaribu kusema nusu ya ukweli. Dada mmoja wa jumuiya yetu alituuliza, nasi tukamjibu kwamba binti anasomea uchapaji. Wiki iliyofuata akatuletea orodha ya wageni pamoja na ombi la kadi 150 za arusi ya mwanawe. Binti yetu hakumkatalia. Alizichapa kwa mkono, moja moja, na baadhi yenu mlizipokea na kuuliza zimetoka duka gani. Hilo nalo tulilinyamazia.

Siku moja alitualika tukaone karakana yao. Tuliona mawe mazito na bapa ya kuchapia, kwa ufundi ulioanzishwa na Alois Senefelder huko Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Fundi huchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, akalilowesha kwa maji, kisha akapitisha wino; wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Tuliona mabamba ya shaba yaliyochimbwa kwa asidi, na fremu zilizowambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo. Tuliona pia chumba cha giza cha kusafishia picha. Wanafunzi walivaa aproni, na mikono yao ilikuwa myeusi kama ya mafundi wa magari. Tuliporudi nyumbani tulikubaliana jambo moja: kwamba kazi ile si ya kivivu.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuja mwaka wa pili, na ulihusu picha.

Tunayo picha moja tu ya marehemu mama yetu, yaani mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine. Ilipigwa studio mjini Tanga mwaka 1974. Ni ndogo, yenye ukubwa wa postikadi, nyeusi na nyeupe. Marehemu amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, amejitanda kanga, na mkono mmoja ameuweka juu ya kigoda. Alifariki mwaka 2004. Wakati huo maombi yetu ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na mwanasheria alituonya kwamba tukitoka huenda tusiweze kurudi. Hatukwenda kumzika. Tangu siku ile picha hiyo imekaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, na mkoba juu ya kabati, wala haitolewi ila kwa sababu.

Binti yetu aliiomba aende nayo chuoni. Tulikataa, na maneno yetu hayakuwa mazuri. Tulimwambia kwamba picha hiyo haitoki nyumbani, na kwamba hata akiinakili, nakala ni nakala tu. Hakubishana. Alichukua mezani toleo la mwezi ule la kijarida chetu hiki, akatuuliza: "Baba, Mama, hili nalo si nakala? Asili yake iko wapi? Na mnalipenda kidogo kwa ajili hiyo?" Akatueleza kwamba nakala ya kwanza ya ukavu, ya namna hii itokayo kwenye mashine ya fotokopi, ilipatikana tarehe 22 Oktoba 1938 mtaani Astoria, New York, kwa jitihada za Chester Carlson. Uchapaji wote, alisema, ni sanaa ya watu wenye ndugu wengi na kitu kimoja.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukuwa tumelitambua. Pembe za picha zilikuwa zimegeuka manjano. Dawa ya kusafishia, isipooshwa barabara siku ile ya kwanza, hubaki ndani ya karatasi na kuendelea kuila taratibu kwa miaka mingi. Tulidhani bahasha inamhifadhi mama yetu, kumbe alikuwa akififia humo humo.

Tulikubaliana kwa sharti. Alileta kamera yake na taa mbili, akaipiga picha ile juu ya meza yetu ya kulia, sisi tukiwa tumesimama kila upande kama askari wa benki. Haikutoka nyumbani.

Alichokusudia kutengeneza ni kanga. Wengi wetu tumezaliwa ndani ya kanga bila kujiuliza imetoka wapi. Kanga ni chapa. Za zamani zilipigwa muhuri wa mbao kwa mkono, na baadaye nyingi zilichapwa viwandani katika nchi za mbali, zikiwamo India, Uholanzi, Uingereza na Japani, kisha zikaletwa kwetu na wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887 na ambaye bidhaa zake tunazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Inasimulia kwa picha na kwa maneno mafupi, na kila aionaye huelewa kwa kadiri ya yaliyomo moyoni mwake. Binti yetu alisema kwamba walimu wake walipokuwa wakizungumzia usimulizi kwa picha, yeye alikuwa akiliona kabati la mama yake.

Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya baba yake kufariki. Alipata shahada yake ya uzamili katika chuo cha Royal College of Art mjini London mwaka 1984, na mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner. Kanga na maneno yake ni miongoni mwa vyanzo vya kazi zake. Hapa Marekani, Elizabeth Catlett, mjukuu wa watumwa, alipata shahada ya aina hii hii katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1940, ingawa kwa rangi yake hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo. Baadaye alihamia Mexico, akachonga chapa za wanawake wafanya kazi ili watu wa kawaida nao waweze kuzipata. Laiti tungaliyajua haya mapema, huenda tusingaliona haya.

Katika kanga ya binti yetu, pindo lingechapwa kwa mbao, mji ungekuwa sura ya bibi yake, na jina lingekuwa maneno ambayo marehemu alizoea kutuambia kila tulipompigia kwa kadi za simu za dola tano: "Simu haina uso." Alikuwa akituambia hivyo kwa kicheko, lakini maana yake ilikuwa moja: njooni.

Maneno huchongwa kinyume juu ya ubao ili yasomeke yakichapwa. Baada ya wiki kadhaa alikuja na ubao wake nyumbani ili tuyahakiki. Mmoja wetu aliushika mbele ya kioo cha bafuni na mwingine akasoma. Pale kwenye kioo paliandikwa: SIMU HANA USO.

Hatukujua tucheke au tulie. Tulimwambia, "Mwanetu, simu si mtu. Simu haina." Akatazama chini, akajibu kwamba utotoni alidhani simu ndiyo Bibi. Alikuwa na umri wa miaka 7 Bibi alipofariki; hakuwahi kumwona, alimsikia tu. Kosa lile la ngeli lilikuwa letu kabla ya kuwa lake. Sisi ndio tulioacha kusema Kiswahili naye alipoanza shule, kwa kuogopa kwamba Kiingereza chake kingedhoofika. Tangu usiku ule tumerudi kuzungumza Kiswahili mezani. Yeye naye alichukua ubao mpya akaanza upya.

Maonyesho yalifanyika Aprili 2024. Tulikwenda tumevaa kama watu waendao arusini. Kanga 11 zilikuwa zimening'inizwa ukumbini kwa kamba, kama nguo zilizofuliwa, na katika kila moja mama yetu alisimama na mkono wake juu ya kigoda. Ukutani, peke yake, palikuwa na ule ubao wa kwanza wenye kosa. Mwalimu mmoja alitusogelea, akatuuliza maneno yale hutamkwaje. Tuliyatamka sote wawili kwa pamoja. Akatuuliza maana yake, na hapo mmoja wetu alishindwa, mwingine akamalizia. Hiyo ndiyo hitima tuliyomfanyia mama yetu mbele za watu, miaka 20 baada ya kufariki.

Idadi ya 11 haikuwa ya kubahatisha. Marehemu ana wajukuu 11, walioko Tanga, Dar es Salaam, Muscat, Leicester, Toronto na hapa petu. Kila kanga iliandikwa namba yake kwa penseli, kisha binti yetu akaosha fremu ya sura na kutia mikato katika ubao, ili asiweze kuchapa nyingine. Tulisikitika kuona hivyo. Alitueleza kwamba ndiyo desturi ya fani: ahadi ikishatolewa, haiongezwi.

Namba 1 ilikwenda Tanga, kwa shangazi yake. Mwezi uliofuata shangazi alitupigia simu ya video, akasimama mbele ya dirisha akiwa amejitanda kanga ile. Tulishtuka, tukataka kumwambia kwamba hiyo ni kazi ya maonyesho na isiguswe. Binti yetu alitunyamazisha. Alisema kanga ni ya kuvaliwa. Basi tukatazama, sura ya mama yetu juu ya mabega ya binti yake, ndani ya simu. Siku hizi simu ina uso. Yeye hakuiwahi.

Ndugu zetu, tunawaomba radhi kwa yale tuliyowaambia. Aidha tuna jambo moja la kuwatolea. Katika mkutano wa jumuiya wa mwezi ujao, binti yetu atakuja na kamera na taa zake, na kila familia yenye picha za zamani itanakiliwa bila malipo, mbele ya macho ya wenyewe. Msizibandue kwa nguvu kutoka kwenye albamu. Leteni albamu nzima. Msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya. Tumieni penseli laini, mkiandika jina la mtu, mahali na mwaka, maadamu bado yuko anayekumbuka. Na mkiwa na watoto, waacheni wao ndio waandike, nanyi muwatajie majina.

Na atakayetuuliza tena binti yetu alisomea nini, tutamjibu kwamba alisomea uchapaji. Kadi za arusi anazo nyingi za kumaliza kwanza.