Redio Haikuzimwa



Nilipokuwa mdogo hapa Malindi, miaka ya 1970, mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juani, ili yafike walau saa ya matangazo ya vifo. Saa hiyo ikiwadia, mama alituashiria tunyamaze, na jirani asiye na redio alikuja akaketi kizingitini. Sauti ya Kenya ikitaja jina la marehemu, jamaa zake na mahali pa maziko, mara mtu huinuka kutafuta buibui lake. Kwa redio hiyo hiyo tuliungoja mwezi wa Ramadhani.

Wazee wetu kabla yake walikuwa na Sauti ya Mvita, iliyotangaza kutoka Mombasa zama za ukoloni. Sauti ya Kenya nayo mwaka 1989 ikageuzwa jina, ikawa KBC. Kisha vituo vya watu binafsi vikaruhusiwa, masikio yakagawanyika. Simu zilipokuja, kila mtu akawa na redio yake mfukoni. KBC ingali hewani, ila barazani kwetu haisikiki. Mimi pia niliiacha, wala sikuona nimepoteza kitu.

Mwaka jana shangazi yangu alifariki Kilifi, na kazi ya kuarifu watu nikapewa mimi. Niliandika ujumbe nikausambaza katika makundi ya simu. Rambirambi zikamiminika hata kutoka Maskati na London. Akazikwa baada ya Laasiri, nami nikadhani nimetimiza wajibu.

Siku ya nne akaja bibi mmoja kutoka Mambrui, aliyesoma chuo kimoja na marehemu. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenziwe. Habari aliipata kwa muuza samaki. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, redio yangu haikuzimwa."

Sikuwa na jawabu. Habari ilivuka bahari, Mambrui haikufika.

Sote tumesoma kisa cha mfagiaji wa msikiti aliyezikwa bila Mtume (s.a.w.) kuarifiwa, kwa kuwa watu waliona jambo lake ni dogo. Mtume aliuliza kwa nini hakuambiwa, kisha akaenda kumswalia kaburini. Kisa hiki nimekisomesha miaka mingi. Siku ile ndicho kilichonisomesha mimi.

Zama za redio ile hazirudi, na simu si adui. Lakini redio ilimfikia ajuza kitandani pasipo yeye kuwa mwanachama wa kundi lolote, na kazi hiyo sasa imetuangukia sisi. Basi kila nyumba na iandike majina ya wazee wasiofikiwa na ujumbe. Msiba ukitokea, kijana atumwe akawabishie hodi kabla maiti hajaoshwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yangu, ampe subira somo yake, na anisamehe mimi. Amin.