Kuhesabu mabehewa ya Lugufu

Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini mtoto wangu anarudi nyumbani anaongea mambo ya treni, na hapa Nyarugusu hakuna reli?" Ana haki ya kuuliza. Nilimwambia jibu ni refu kidogo, nitaliandika, na wengine wasome.

Mimi nilizaliwa Lugufu mwaka 1998. Waliokaa kule wanakumbuka vizuri: reli ya kati, ile inayotoka Dar es Salaam ikapita Dodoma, Tabora na Uvinza mpaka Kigoma, ilikuwa jirani yetu. Usiku ukitulia, honi ilisikika mpaka ndani ya nyumba zetu za turubai. Wengi walisikia honi wakageuka upande wa pili kulala. Mzee mmoja wa bloku yetu yeye aliamka, akawasha koroboi, akaandika saa.

Mzee huyo alifanya kazi ya reli kule kwetu kabla ya vita, njia ya Kalemie kwenda Kabalo, katika stesheni ya Nyunzu. Sisi watoto tulimuita Shefu. Alikuwa na kaye moja nene ya mistari, imefungwa kwa uzi wa gunia, na kila treni ya mizigo aliyoiona au kuisikia aliiandika humo: tarehe, saa, inapanda au inashuka, namba ya injini, mabehewa mangapi, ya aina gani, yamejaa au matupu. Wengine walisema mzee amechoka akili kwa sababu ya vita. Kumbe hakuchoka kitu. Nitawaeleza.

Tulikuwa watoto kama sita hivi tuliomfuata. Alituchorea mstari kwenye udongo, mbali na reli, na aliyevuka mstari ule alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, hakuna kuomba msamaha. (Wazazi, hilo nalirudia kwa watoto wenu pia: treni ya mizigo iliyojaa haisimami kwa sababu dereva amekuona.) Halafu aligawa kazi. Mmoja anahesabu mabehewa. Mmoja anashika namba ya injini. Mmoja anaangalia springi tu, basi. Mimi nilipewa springi kwa sababu nilikuwa mdogo, sikuweza kuhesabu haraka.

Na kazi ya springi ndiyo ilikuwa tamu. Behewa lililofungwa huwezi kuona ndani, lakini springi zinasema. Likiwa limejaa, springi zimelala, behewa linakwenda zito, limetulia kama mama mwenye mimba. Likiwa tupu linarukaruka na kupiga kelele za bati. Matangi ya mafuta hivyo hivyo. Usiku tulitumia masikio. Reli ile ilikuwa imeungwa kipande kwa kipande, na behewa moja lina ekseli nne, mbili mbele na mbili nyuma. Kwa hiyo kwenye kila kiungo unasikia ta-ta, kimya kidogo, ta-ta. Hilo ni behewa moja. Shefu aliweza kulala chali, macho amefumba, akasema, "Ishirini na mbili, manne ya mwisho matupu." Asubuhi tuliuliza watu waliolala karibu na stesheni, na mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo.

Namba za injini pia zilikuwa na maana yake. Tarakimu mbili za kwanza zinataja kundi la injini. Zile za 73 zilitengenezwa India. Tulizijua kwa sauti kama unavyojua kikohozi cha baba yako, na ikipita injini moja mara tatu kwa juma moja, tulifurahi kama tumetembelewa na mtu.

Sasa, kwa nini mtu mzima apoteze mafuta ya koroboi kwa mambo haya? Sababu ya kwanza ilikuwa tumbo. Chakula kingi cha kambi za Kigoma kilisafiri kwa reli kutoka bandarini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Njia ikiharibika mbali huko, sisi tulijua kwa sufuria. Shefu alitufundisha hesabu ambayo mpaka leo naifundisha darasani. Behewa moja kubwa la kufunikwa alilikadiria kwa tani 40. Hiyo ni kilo 40,000, yaani magunia 800 ya kilo 50. Tuseme mtu mmoja anapata gramu 400 za unga kwa siku. Behewa moja basi linalisha watu 100,000 kwa siku moja. Watu 50,000 wanaopewa rasheni ya siku 14 wanahitaji mabehewa saba. Watoto wa darasa la tano, ukiwaambia "zidisha halafu gawanya" wanasinzia. Ukiwaambia "mabehewa saba yalitakiwa, yamepita manne", hakuna anayesinzia.

Wamama wa bloku walimjua Shefu kwa hilo. Kabla mtu hajauza mafuta yake ya rasheni kununua sabuni, alipita kwanza kwa mzee: "Papa, wiki hii imekuwaje?" Hakuwaahidi chakula. Alisema tu alichokiona: matatu yaliyojaa, aina ya kufunikwa, yameelekea Kigoma, ndani sijui. Kama yalikuwa mahindi au saruji, kila mtu alikisia kwa akili yake.

Sababu ya pili ilikuwa nyumbani, na hapo ndipo naomba mnisikilize wale ambao mko na ndugu ng'ambo ya ziwa.

Reli ya Kigoma walijenga Wajerumani, ikafika ziwani mwaka 1914. Upande wa pili Wabelgiji walikuwa wanajenga ya kwao kutoka Kabalo, ikafika Kalemie, wakati ule inaitwa Albertville, mwaka 1915. Kwa hiyo ziwa liko katikati, na kila upande una reli inayolitazama. Ukitoka Kalemie unapita Niemba na Nyunzu mpaka Kabalo, na pale njia inagawanyika: moja ya Kindu, nyingine ya Kamina na Lubumbashi. Mabehewa hayawezi kupita kutoka reli hii kwenda ile hata yakivushwa kwa meli, maana upana ni tofauti. Hii ya Tanzania ni milimita 1,000, ya kwetu ni 1,067. Milimita 67 tu! Shefu alituonyesha kwa vidole vinne na kusema, "Kwa sababu ya hii, watu wa Kigoma na wa Kalemie hawatakosa kazi ya kupakua."

Basi kila kilichopita Lugufu kuelekea Kigoma kilikuwa na safari zaidi: kingine kinabaki mjini, kingine kinapanda meli kwenda Bujumbura, kingine Kalemie, Uvira au Baraka. Shefu aliyasoma mabehewa kama wengine wanavyosoma gazeti. Saruji na mabati yakipita mengi, alisema huko ng'ambo watu wanajenga, na mtu hajengi mahali anapofikiria kukimbia. Lakini alichokitazama zaidi ni treni zinazotoka Kigoma kwenda Tabora. Mengi yalirudi matupu. Mawese hakuyahesabu, maana Kigoma nao wana mawese yao. Alingoja kuona mali ya Kongo ikipanda kwa wingi, na haikuja. Alisema, "Nchi inayopokea tu bila kutuma kitu bado iko mgonjwa."

Meli za kuwarudisha watu kwa hiari zilikuwa zimeanza mwaka 2005, na mwaka 2007 familia nyingi za bloku yetu zilikuwa zinabishana usiku. Ya kwetu pia. Mama na mama mdogo walikuja wote wawili kwa Shefu, wakakaa kwenye gogo, wakamwomba afungue kaye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma yao. Alifungua ukurasa kwa ukurasa, hakuruka hata mmoja. Mwishoni mama alisema, "Umeona? Matupu, matupu, matupu. Siendi." Mama mdogo alicheka, akasimama, akakung'uta kitenge chake. "Dada, mimi siyo saruji. Siwezi kungoja mpaka nipakiwe."

Akavuka ziwa na watoto wake wawili. Sisi tukabaki.

Wengine wangependa nitaje nani alikuwa na haki. Sitaweza. Mama mdogo alilala nje miezi kadhaa, shamba lao lilikuwa limechukuliwa, mtoto mmoja aliugua sana. Leo yuko na meza yake sokoni Kalemie, na kati ya vitu anavyouza kuna chumvi ya Uvinza, ile ile iliyopakiwa kwenye mabehewa mbele ya macho yetu. Mama yupo hapa zoni yetu, ana afya, ana mwana mwalimu wa kujitolea. Kila wakipigiana simu wanaanza tena ile kesi ya 2007, na salio linaisha kabla ya hukumu. Shefu mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu aende au abaki, na aliyemlazimisha aseme alipewa kaye ashike mwenyewe.

Lugufu ilifungwa mwaka 2009, tukaletwa Nyarugusu. Kwa mzee ilikuwa kama kuhamishiwa mahali pasipo na redio. Hapa hakuna honi. Miezi ya kwanza alikuwa anauliza kila mtu aliyefika kutoka Kigoma au Uvinza ameona nini njiani. Mwanzoni mwa 2010 habari zilikuja kwamba mafuriko yamebeba reli huko Kilosa na Gulwe, treni zimesimama, na yeye aliandika hivyo katikati ya ukurasa mtupu: "Maji. Hakuna treni." Kurasa baada ya hapo ni chache. Alifariki kabla sijamaliza sekondari, na binti yake alinipa kaye kwa sababu, alisema, ni mimi tu nilikuwa naiomba kuisoma.

Kwa muda mrefu nilidhani jambo hili ni la mzee wetu peke yake. Baadaye nikasoma kwamba Uingereza watu wazima husimama kwenye stesheni siku nzima, na chai yao ya chupa, wanaandika namba za injini kwa furaha tu. Mwaka 1942, wakati wa vita kubwa, kijana karani wa reli aitwaye Ian Allan alitoa kijitabu cha namba hizo, kikauzwa kikaisha. Niliwaza jinsi Shefu angekaa na watu wale. Nafikiri wangeelewana, hata bila lugha. Yeye pia alifurahi, msidhani ilikuwa njaa tu. Injini mpya ikipita alivua kofia.

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Mwaka 2023 rasheni ilipokatwa, wanafunzi wangu walianza kuniuliza maswali ambayo hayako kwenye kitabu: chakula kinatoka wapi, kinapita wapi, nani anakihesabu. Nikaleta kaye darasani. Siku hiyo kengele ililia hakuna aliyetoka. Tangu hapo tuko na kikundi. Wenzangu wawili niliosoma nao, mmoja anapakua mizigo Uvinza, mwingine ana kibanda karibu na reli upande wa Kigoma, wananitumia ujumbe wakiona treni ya mizigo. Hawaandiki habari ndefu: "Inashuka. 18. Matangi 4. Yamejaa." Watoto wanaandika ubaoni, wanachora jedwali, wanatafuta wastani wa mwezi. Mimi siwaambii maana yake ni nini. Wanabishana wenyewe, na kubishana kwao kunanifurahisha kuliko majibu.

Kuna kitu kipya pia cha kufuatilia. Reli ya upana wa milimita 1,435, treni ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kuijenga kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tawi jingine limepangwa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Watoto wa Kirundi darasani kwangu wamelishika hilo tawi kama timu yao ya mpira. Nimewaambia mkataba ni karatasi. Tutaandika kwenye kaye siku behewa litakapopita. Mvulana mmoja akaniuliza kama behewa la upana huo litaweza kuingia Kalemie. Nikamwambia apige hesabu mwenyewe: 1,435 toa 1,067.

Niko na ombi moja. Kurasa za masika ya 2004 zimeliwa na panya, na majina ya vituo vidogo kati ya Niemba na Kabalo Shefu aliyaandika kwa mkato ambao siuelewi. Kama kuna mzee au mama aliyefanya kazi njia ile, au aliyeisafiri mara nyingi akiwa mtoto, nampata wapi? Mimi niko shuleni kila siku baada ya masomo ya mchana, darasa la mwisho upande wa tanki la maji. Kiti kipo. Na mkija na mtu anayeweza kuiga honi ya injini za zamani za Kalemie, watoto wamesema watamsikiliza hata kama mvua inanyesha.