Kilemba cha Dhahabu katika Mashamba ya Soy

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale huipita Soy baada ya kilomita 20 na ushei. Kwetu sisi watu wa Pwani, tuliozoea minazi na joto la bahari, nchi hii ina ugeni wake: uwanda wa Uasin Gishu, unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mashamba ya mahindi na ngano hata upeo wa macho, na baridi ya alfajiri iliyowafanya akina mama wetu wajitande shali juu ya mabuibui.

Tulifika Disemba, mavuno yamekwisha. Baada ya sala ya Alfajiri, binti wa mwenyeji wetu, mpiga picha wa ndege, alituongoza sote hadi ukingoni mwa kinamasi. Hapo walikuwapo korongo taji, ndege ambao Waganda wamewaweka katikati ya bendera yao. Kimo chao hufikia mita moja. Shavu jeupe, kifuko chekundu kooni, na kichwani manyoya ya dhahabu mfano wa kilemba cha bwana harusi.

Wengi wetu tumefundishwa kulipa jua mgongo tunapopiga picha. Binti yule alilielekea. Jua likiwa nyuma ya ndege, nuru hupenya kilembani na kila unyoya ukawaka. Lakini kamera ikifuata kipimo cha mbingu angavu, uso wa ndege huwa mweusi ti, jicho lisionekane. Ukiiongezea mwanga ili uso uonekane, mbingu hubaki nyeupe tupu na ile dhahabu hupotea.

Dawa yake, alitueleza, ni flashi iliyopunguzwa nguvu. Kamera huachwa katika kipimo cha mbingu, kisha flashi hutoa mmweko hafifu, wa kutosha tu kufunua shavu na kutia nuru jichoni. Ukizidi, ndege huonekana kama sanamu ya dukani. Tena mwanga wa flashi haufiki mbali: umbali ukiwa maradufu, hubaki robo yake. Ndiyo maana mpiga picha hushawishika kusogea karibu zaidi, na hapo ndipo penye mtihani.

Asubuhi ile vifaranga wawili walitokeza majanini nyuma ya wazazi wao. Binti aliizima flashi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Korongo hawa hutaga chini, katika majani ya vinamasi, na vinamasi vingi vimekaushwa vikawa mashamba. Wengine hulishwa sumu; mayai na makinda huchukuliwa. Tangu mwaka 2012 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tulikumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda ya ndege aliyehangaika yarudishwe kwa mama yao.

Picha aliyoipata bila flashi ina maumbo manne meusi, makubwa mawili na madogo mawili, yaliyozungukwa na ukingo wa dhahabu. Nyuso hazionekani, na ndege waliendelea kula bila kushtuka.

Mzazi atakayemnunulia mwanawe kamera, au kumwazima simu yake safarini, na amfundishe namna ya kuiwasha flashi, na pia wakati wa kuizima.

Wabillahi tawfiq.