Jua Halikuwa Likitikisika

Mama jirani yangu hapa Morogoro alinivumilia wiki nzima, kisha akaniuliza kutoka upande wa pili wa ua: "Mwalimu, hilo jua limekukosea nini?" Nilikuwa nimeinama kwenye darubini, taulo kichwani ili nione kioo cha kompyuta, jasho linanitiririka. Nikamjibu kwamba napiga picha madoa yake. "Kumbe nalo lina madoa!" akacheka, akaendelea kuanua nguo.

Linayo. Ni sehemu ambako nguvu ya sumaku huzuia joto lisipande kutoka ndani, zikabaki na nyuzi 4,000 hivi za Selsiasi, ilhali uso unaozizunguka una 5,500. Weusi wake ni wa kulinganishwa tu. Doa lile lile ukiliweka peke yake angani usiku, litang'aa.

Ugonjwa huu wa kupiga picha jua niliupata Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, siku Mwezi ulipolifunika jua likabaki pete. Wenzangu walirudi na hadithi. Mimi nilirudi na hamu, na hamu ina gharama.

Picha zangu za kwanza zilikuwa aibu. Kingo za jua zilichezacheza kama sufuria ya uji inayochemka. Nikailaumu kamera, nikauza, nikanunua nyingine. Nikailaumu lenzi. Niliacha mbachao kwa msala upitao, na mtikisiko ukabaki pale pale.

Jibu nililipata nikisubiri chapati. Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la mkaa, nikaona ukuta wa nyuma yake unacheza, matofali yanapinda na kunyooka. Ukuta ulikuwa umetulia tuli. Kilichokuwa kikicheza ni hewa ya moto. Nami kila siku nilikuwa nikipiga picha saa tisa alasiri, nikitoka kazini, juu ya mabati ya jirani yaliyochomwa tangu asubuhi! Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na kosa lote lilikuwa kwenye mita chache za mwisho.

Nikahamia kwenye majani, saa mbili asubuhi za Jumamosi. Hata hivyo hewa haitulii kabisa, kwa hiyo narekodi video ya picha 2,000, programu inachagua 100 zilizotulia na kuzipandanisha. Zilizobaki natupa. Mwanzoni iliniuma.

Darasani nilikuwa na kijana niliyemwandika "mzito". Baada ya ile chapati nilianza kujiuliza nilikuwa nikimwona saa ngapi. Kipindi changu kwake kilikuwa cha mwisho, Ijumaa, yeye ana njaa na mimi nina hasira za wiki nzima. Nikamwita asubuhi moja kabla ya kengele. Alikokotoa mwendokasi ubaoni bila kuniangalia usoni, akapata. Nimefundisha miaka mingi, na sitaki kuhesabu ni wangapi niliwaandika hivyo saa nane mchana.

Yupo aliyenizidi subira: Heinrich Schwabe, muuza dawa wa mji wa Dessau, Ujerumani, alianza kuchora madoa ya jua mwaka 1826. Hakuyataka, alikuwa akitafuta sayari iliyo ndani ya njia ya Utaridi. Sayari haikuwepo. Mwaka 1843 akatangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko aliouona kuwa wa miaka kama 10. Leo tunasema takriban 11. Miaka 17 ya kuchungulia kitu kisicho chake! Mimi nilikata tamaa kwa miezi mitatu.

Mei 2024 lilitokea kundi la madoa lenye upana wa Dunia 15 hivi zikipangwa mstari. Mawingu ya Uluguru yalinipa dakika kumi tu. Nilimwita mama jirani. Aliangalia kioo kimya, kisha akauliza kama madoa yale yanapona.

Nawe ukitaka kujaribu: chujio la jua hufungwa mbele ya darubini, kamwe si nyuma pale unapoweka jicho. Kabla ya kila matumizi liinue kwenye mwanga. Ukiona tundu, hata la sindano, litupe.