Mapaa Bila Majina

Ukitafuta "Vitongoji" mtandaoni, kwanza utaletewa uchaguzi: wenyeviti wa vitongoji, wagombea wa vitongoji, matokeo ya Novemba 2019, matokeo ya Novemba 2024. Yote ya Tanzania Bara. Shehia ya Vitongoji iliyoko Pemba, mashariki ya mji wa Chake Chake, yenye hospitali yake, skuli zake na pwani yake ya majabali, imezama chini ya habari hizo. Ongeza neno Pemba, nayo itaanza kuchomoza: makala ya mistari michache katika Wikipedia, picha za wageni waliopita, taarifa za hospitali. Kisha fungua OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonifungisha safari. Nyumba zilikuwepo, nyingi, zimechorwa paa kwa paa kwa uangalifu mkubwa. Majina ndiyo hayakuwepo.

Mapaa hayo yana asili yake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia walianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani kwa droni ndogo. Wanafunzi wa SUZA walifunzwa kuzirusha. Eneo lote ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na picha zilitoka kali kiasi cha kuonesha mnazi mmoja mmoja na ngalawa iliyoegeshwa ufukweni. Zikaachiwa umma. Wachoraji wa kujitolea, baadhi wa hapa nyumbani na baadhi ambao hawajawahi kuiona Bahari ya Hindi, wakakaa mbele ya kompyuta zao wakafuata kingo za mabati na makuti. Nawashukuru kwa dhati. Lakini droni haisikii. Haiwezi kujua kisima kile kinaitwaje, wala kwamba njia ile nyembamba ndiyo wanayoipita wajawazito kwenda hospitali.

Pemba ilipimwa hata kabla ya hapo. Kapteni Craster, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alifanya kazi ya upimaji kisiwani, na kitabu chake juu ya Pemba kilitoka London mwaka 1913. Ramani za zama zile zikishachapwa zimechapwa. Mkulima wa Vitongoji hakuwa na njia ya kuzisahihisha. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, imempa njia hiyo. Nilitaka kwenda kuona kama njia iliyofunguliwa inapitwa.

Mimi natumia simu kama inavyotumiwa na watu wengi: ujumbe, salamu, kutuma pesa, kusoma habari. Nilijisajili OpenStreetMap kwa barua pepe, nikapakua ramani ya Zanzibar katika Organic Maps ili niweze kuifungua bila bando, nikaweka na StreetComplete, programu inayokuuliza maswali mepesi mahali uliposimama: barabara hii ina lami? Duka hili bado lipo? Jengo hili lina ghorofa ngapi? Ukijibu, jibu lako linaingia katika ramani ya dunia nzima. Hakuna mtihani wala ada.

Pemba sikuwa nimewahi kufika. Nilipanda meli bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani. Hadi karibu na Nungwi abiria walikuwa na simu mikononi, wanacheka na video, wanasikiliza ujumbe wa sauti. Tulipoingia mkondoni mtandao ukakatika na meli ikaanza kuyumba. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akafumba macho, midomo ikawa inakwenda polepole kwa dua. Ni katika bahari hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Hakuna aliyeitaja. Tulipoikaribia Mkoani na mtandao kurudi, simu zililia kwa pamoja, na kila mtu akaandika au akasema neno moja: tumefika. Nimesoma maandishi mengi yanayoulaumu mtandao kwa porojo na uvumi, na mengine ni ya haki. Ila kwa Mpemba mwenye mtu baharini, neno hilo ndilo linalomrudishia usingizi.

Kutoka Mkoani hadi Chake Chake barabara inapanda na kushuka vilima vya mikarafuu, kijani juu ya kijani. Kutoka Chake kwenda mashariki nchi inabadilika taratibu. Mikarafuu inapungua, ardhi inakuwa ya mawe, mibuyu inatokea. Nilishuka Vitongoji jua likiwa juu, nikaonana na mwenyeji wangu, mwalimu wa skuli, ambaye kila tuliyepishana naye alimwita Maalim.

Maalim ni admini wa grupu la WhatsApp la watu wa Vitongoji, waliopo na waliosambaa. Alinifungulia nilitazame kabla hata ya chai. Tangazo la maziko na saa ya kusaliwa. Anayeomba damu ya kundi O kwa mgonjwa aliyelazwa. Ng'ombe aliyepotea, na picha yake. Mchango wa kisima, majina ya waliotoa na kiasi cha kila mmoja. Waliomo wako Chake, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, na wachache Uingereza. Nikatambua kuwa kazi ya kushirikiana niliyodhani nakuja kuikuta inaanza ilikuwa imeshazoeleka hapa. Kilichokosekana ni kwamba maarifa ya grupu hupita na siku yake: tangazo la leo linasukumwa juu na la kesho, na baada ya mwezi hakuna anayeweza kulipata. Ramani na ensaiklopidia hushikilia kinachowekwa.

Jioni tulikaa barazani kwa mzee mmoja, majirani wakaongezeka. Nikaikuza picha ya Vitongoji kwenye simu. Wazee waliisoma upesi kuliko nilivyotarajia. Wakaanza na msikiti, kutoka hapo wakaifuata njia kwa kidole hadi kila mmoja akakiona kipaa chake. Kisha likaja suala la kisima.

"Kina jina hicho," alisema mzee, akalitaja.

"Hilo jina la juzi tu," akamkatiza jirani yake. "Sisi tukienda kuteka maji tukikiita vingine." Naye akataja lake.

Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimtaja babu aliyemwambia. Maalim akarekodi sauti akaitupa grupuni. Kabla ya isha jibu likaja kutoka Muscat, sauti ya bibi aliyeondoka Pemba akiwa msichana. Alianza kwa salamu ndefu, akawauliza wazee wote wawili hali zao, ndipo akaeleza: jina la jirani ndilo la zamani, la mzee lilikuja baada ya kisima kujengewa. Wote wawili wana haki. Halafu akaanza kutaja wengine waliokuwa wakiteka maji pamoja naye, na barazani pakawa kimya wakimsikiliza.

OpenStreetMap ina nafasi ya jina linalotumika, nafasi ya jina jingine, na nafasi ya jina la zamani. Nilipowaeleza, mzee alitaka kwanza kuhakikisha kuwa jina la jirani yake halitafutwa. Halifutwi; na hata mtu akilifuta, historia ya kila badiliko inabaki, nani alibadili, lini, na kutoka nini kwenda nini. Tukayaandika majina yote mawili pale pale, kidole cha Maalim juu ya kioo, wazee wakimsomea herufi.

Asubuhi iliyofuata tulitembea. Ni katika kutembea ndipo nilipofahamu uzito wa maswali yale mepesi. Msichana wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa Maalim, alikuja na mwenzake kutuongoza. Tulipofika kwenye njia ambayo picha ya angani inaionesha pana na nyoofu kuelekea hospitali, akasimama. "Hii masika gari haipiti. Maji yanasimama hapa mpaka kule mgombani. Mgonjwa hubebwa." Aliyeichora njia hiyo aliiona siku ya kiangazi, kwa macho ya droni. Dereva wa gari la wagonjwa asiyekijua kijiji, akiifuata simu yake mwezi wa Aprili, angekwama na mgonjwa ndani. Msichana akaandika mwenyewe kwamba njia hupitika kwa miguu tu wakati wa mvua, na akaichora ile ya kuzunguka. Kwa maoni yangu, hakuna kilichoandikwa safari ile kilichokuwa na thamani kuliko mistari yake ile miwili. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, tangu 2015, ulifanya hivyo hivyo katika kata zinazofurika: wanafunzi walitembea na wakazi mtaro kwa mtaro, kwa sababu anayejua maji hupita wapi ni yule anayeingiliwa nayo nyumbani.

Pwani ya Vitongoji ina vighuba vidogo vidogo baina ya majabali ya matumbawe, mchanga mweupe, maji yakitoka unatembea mbali. Nilikuwa nimeshika simu, tayari kuweka alama penye pango, bibi mmoja aliyekuwa akiokota kuni akaniita.

"Mwanangu, hapo usipaandike."

Nikamsogelea, nikamwamkia. Akaniambia bila ukali kwamba hapo ni mahali pa watu wa kale, watu huenda kwa nia zao na adabu zao. "Mukipaandika watakuja wenye kamera. Wakishakuja, hatutapata tena pa kwenda."

Sikupaandika. Kanuni ya ramani ile ni kwamba kinachoonekana kwa macho chaweza kuchorwa, na hiyo ni kanuni njema kwa barabara, kisima na hospitali. Lakini ramani iliyo wazi kwa wote ni wazi pia kwa asiye na adabu, na aliyeishi na mahali ana haki ya kusema hapana kabla ya mimi niliyeshuka kwenye gari jana. Maalim alipolipeleka jambo hilo kwa wazee, walipata sehemu nyingine mbili za kuachwa. Nadhani kazi yoyote ya aina hii ingeanza kwa swali hilo: nini tusikiandike?

Usiku niliishughulikia Wikipedia. Mwanga wa kufanyia kazi ulikuwepo: umeme Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta, na Maalim anakumbuka kusahihisha daftari kwa taa ya mafuta. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na imejengwa na watu wa kujitolea, wakiwemo vijana wa Jenga Wikipedia ya Kiswahili hapa Tanzania. Nilitaka kuirefusha makala ya Vitongoji kwa niliyoyasikia barazani. Hapo nikafika kwenye mlango wa aina nyingine. Ramani inakubali nilichokiona nikiwa nimesimama. Ensaiklopidia inadai kilichochapishwa. Kumbukumbu ya mzee, hata iwe na ukweli kiasi gani, haipokewi mpaka iwe na kitabu, gazeti au ripoti nyuma yake.

Kanuni hiyo inailinda Wikipedia na uongo, nami naiheshimu. Ila inaumiza mahali ambapo elimu imekaa vifuani. Pemba yenyewe ina mfano wa namna ya kupita. Mashairi ya Kamange na Sarahani, malenga wakubwa wa kisiwa hiki, yaliishi kwa miaka mingi katika hifadhi za watu na miswada, mpaka Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walipoyakusanya, Abdilatif Abdalla akayahariri, na Mkuki na Nyota wakayachapa mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba. Kuanzia hapo mwandishi yeyote wa ensaiklopidia ana ukurasa wa kuutaja.

Nilimweleza Maalim hivyo, tukiwa na sahani ya muhogo na pweza baina yetu. Picha za hospitali kwa nje, skuli, mibuyu na pwani nilizipandisha Wikimedia Commons usiku ule ule. Picha haihitaji kitabu, inahitaji ridhaa na kwamba umeipiga mwenyewe. Kazi ya kumbukumbu za wazee akaichukua yeye. Wanafunzi wake watawarekodi mmoja mmoja, sheha apewe taarifa, na maandishi yachapwe kijitabu chenye tarehe na majina ya waliosimulia, nakala moja iende Nyaraka za Taifa. Grupu litachangia uchapaji. Alipoliweka wazo hilo usiku ule, wa Muscat ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza gharama.